Mpunga Ule Pichani Haukuwa Wako, Mama

Mama, shikamoo.

Usipoitikia sitakulaumu, maana leo nimekuja na hasira na sijui nianze na nani. Nakuandikia nikiwa juu ya dungu, kichanja cha kulindia ndege, kwenye shamba lako hapa Mchombe. Mpunga umeanza kutia maziwa, ndege wameshajua, na kamba ya makopo ya kuwatishia nimeifunga mguuni ili mkono ubaki na kalamu. Kazi ya mashine ya kukoboa kule Ifakara niliiacha baada ya kukuzika. Mwandiko ukiruka, ujue nimevuta kamba.

Picha yako imepatikana.

Siku ya kukuzika hatukuwa na picha yako hata moja ya maana. Tukaikuza ile ya kitambulisho cha kupigia kura, ukatoka umekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mgambo. Mjukuu wako akaibeba mbele ya jeneza, mimi nyuma yake naona aibu badala ya kulia. Na nyumbani fremu ipo! Ile uliyoinunua mwenyewe Ifakara, ukaitundika na picha yake ya dukani, mtoto wa kizungu hata hatumjui, meno mawili. Nikikuuliza huyu ni nani, unasema, “Ananishikia nafasi. Emili atatuma.”

Emili! Jina hilo linanichefua mpaka leo. Walikuja wanne, yeye mmoja wao, wanafunzi wa chuo kutoka Ulaya, wanajitolea, eti kuwasaidia ninyi akina mama wa kikundi cha mikopo mpige hatua. Wakachagua wakati gani? Huu huu. Siku nne mfululizo, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, mmefungiwa kwenye darasa la shule mnafundishwa kupanga muda. Kupanga muda, mama! Mnachorewa duara kwenye karatasi ya manila, mnaulizwa asubuhi huwa mnafanya nini, na asubuhi yenyewe ndiyo hiyo wanayoimaliza. Hakuna aliyewaambia kwamba asubuhi tunaamia ndege, tunawafukuza mpungani. Afisa mikopo alijua vizuri sana, ni mtoto wa hapahapa bondeni, lakini alikuwa ameshatangaza kwamba asiyehudhuria asije kumsumbua akitaka mkopo mwingine.

Na wewe, mama, nina kinyongo na wewe pia. Acha niseme. Siku ya pili nilikuja kukusalimia, nikakuta kwelea wametanda shambani na dungu halina mtu. Nikakimbia hadi darasani, nikakuita dirishani, ukanifukuza kwa mkono. “Wageni wametoka mbali hivi, nitawaachaje?” Nikashinda shambani peke yangu napiga makelele hadi sauti ikakauka, na ndege wakanishinda. Jioni narudi nakuta umewachinjia tetea, tena yule aliyekuwa anataga. Kesho yake ilibidi nirudi kazini, na wewe ukarudi darasani.

Siku ya mwisho wakataka picha ya mkopaji aliyefanikiwa, akiwa shambani kwake. Kwako yalibaki makapi. Afisa akakupeleka kwa jirani, mama Sikujua, ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja kwa sababu hakopi, na mpunga wake ulikuwa umesimama mzima. Wakakusimamisha mbele yake. Ukacheka! Emili akakukumbatia, akalia, akasema, “Tutakutumia.”

Msimu ule ukaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na umri ule, na presha ile, ili wenzako wa kikundi wasikubebee mzigo wa deni. Na bado kila nikija unaniuliza kama simu yangu haijaingia picha. Sijui kilichokuua ni presha tu au ni adabu. Nisamehe, lakini nimeshaandika.

Basi, wiki iliyopita wamekuja wengine. Wawili, wa kike na wa kiume, wameshika kijitabu, na kwenye jalada lake uko wewe. Umepauka kidogo kwa jua la kwenye kioo cha gari lao, ila ni wewe, na ile kanga yako ya maua ya zambarau. Chini wameandika Mama Grace. Grace ni nani? Wanakutafuta wakupige picha tena, waoneshe ulivyozidi kuendelea. Afisa amewaambia umehama.

Nikawaambia kwa Kiingereza changu cha sekondari cha kuungaunga kwamba ni kweli umehama, waje niwaoneshe ulikohamia. Nikawapeleka makaburini. Yule wa kiume akatoa simu. Nikamwambia, hapa hupigi. Akairudisha mfukoni. Nikamwomba yule binti kijitabu, akasema ni kimoja tu, lazima kirudi ofisini. Mama, nilikichukua. Jalada nikalichana palepale, mbele ya msalaba wako, nikamrudishia kilichobaki. Akaanza kulia. Nikamwambia atalia baadaye, kwanza atoe daftari aandike jina lako, Leokadia, na nikamsimamia hadi akapatia. Hata sikumwonea huruma. Usiku nikamhurumia kidogo, maana si yeye aliyekuahidi picha. Lakini asubuhi hasira ikarudi, na sina mpango wa kuifukuza.

Mtoto wa dukani nimemtoa kwenye fremu. Kabla sijakuingiza nilichukua mkasi nikaukata mpunga wa mama Sikujua wote, nikabakiza uso na kanga. Hapo ndipo nikaona. Mdomo unacheka, lakini macho hayamwangalii mpiga picha. Yameangalia pembeni, upande wa kushoto, na kushoto kwa mama Sikujua ni shamba lako. Ulikuwa unasikia ndege, mama. Umesimama pale unawachekea wageni na masikio yako yako huku. Nimelia kama sikulia siku ile ya jeneza.

Jumamosi ni misa yako ya mwaka. Mjukuu wako atabeba hiyo, na nimeshamwambia atembee polepole watu wakuone.

Kuna jambo moja limebaki. Akina mama wa kikundi wamenichagua nishike nafasi yako, na afisa ametuma ujumbe: kesho saa mbili darasani, wageni wana somo, tusikose. Siendi. Mkopo aninyime akitaka. Nakuahidi, anayenitaka atanikuta huku juu, nitamsalimia vizuri kama ulivyonilea, halafu nitampa kopo apige. Na kuku simchinji.

Haya, kwelea wamerudi upande wa mtoni, navuta kamba. Lala, mama. Usigeuze tena shingo. Ndege niachie mimi.

Mwanao,
Tuta