Springi Inayolia

Nachingwea, 12 Juni 1984

Kaka Saidi,

Babu anasema, mimi Zuhura naandika. Nimeahidi sitaacha neno.

"Mjukuu wangu, hatujambo. Umeuliza kama karakana yangu ya springi za malori imekufa. Nimeifunga, chuma hakipatikani tena. Nilipokuwa kijana, fundi wangu aligonga springi yangu ya kwanza kwa nyundo, akasikiliza. 'Hii bubu, mwanangu. Haifiki Ruangwa. Irudishe motoni.' Nikairudisha. Jioni ikalia kama kengele, tukacheka. Juzi niligonga ya mwisho. Ililia vizuri."

Kaka, sasa nasema mimi. Babu amejifuta macho, na nyundo hataki kuiuza. Jana niligonga springi kuukuu, nikasikia kwamba ni bubu. Nijibu upesi: nimwombe anifundishe?