Baba na Askari Wake Waliosomeshwa Upya

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na bado Mama haweki komeo mlangoni mpaka ipite saa kumi na moja jioni, saa yako ya kurudi kutoka kazini.

Miaka ishirini na sita ulilinda geti la kiwanda cha nyuzi, zamu ya mchana. Hakupita mtu bila kuandika jina kwenye daftari, hata meneja mwenyewe. Wafanyakazi wakakubandika jina la Andika Kwanza, nawe ukaitika. Siku Shangazi alipokuletea chakula ulichokisahau nyumbani, ulimwandikisha naye, dada yako wa tumbo moja, na kwenye sababu ya kuja ukajaza: "Chakula." Alinuna wiki nzima.

Saratani ya damu ilipokupata, daktari alikueleza kwamba chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili, lakini wa kwako walikuwa wanaiona saratani wakidhani ni mtu wa nyumbani. Kulikuwa na tiba iliyokuwa bado inafanyiwa utafiti. Askari wako wangetolewa, wafundishwe maabara kuitambua alama moja ya adui, kisha warudishwe mwilini. Ukajiinua kitandani, ukakaa kitako.

"Na zamu wanaingia saa ngapi, daktari?"

"Hawana zamu, mzee. Wako kazini muda wote."

"Basi hao hata mimi ningewaajiri."

Mama hakutaka. Alisema umechoka, uachwe upumzike nyumbani. Dada yetu mkubwa ndiye aliyekusihi siku tatu mfululizo, mpaka ukatia saini. Homa ya wiki ya kwanza nusura ikuchukue, na Mama akamnunia Dada, hata salamu ikawa ya shida.

Ukainuka. Vipimo vikaja safi. Miezi mitano ulitembea, ukala ukashiba, ukamtania Mama kwa chumvi yake. Kisha ugonjwa ukarudi. Daktari alisema saratani imeivua ile alama, askari wanapishana nayo tu.

"Adui amebadilisha sare," ulisema, ukacheka kidogo, halafu ukageukia ukutani. Tulikuona ukilia, Baba. Kesho yake ukatoa damu yako ichunguzwe, ili askari wa wagonjwa wengine wafundishwe alama mbili.

Tunaumia. Dada ameumia zaidi, maana mwaka mzima amebeba moyoni kwamba yeye ndiye aliyekutesa bure.

Juzi tulipokaa kuandika tangazo hili la gazetini, Dada akiwa kazini, Mama alituomba tuongeze maneno yake, yachapishwe kama alivyoyasema:

"Baba watoto, mimi nilikataa, binti yako akanishinda. Ile miezi mitano ningeipata wapi? Nimeshindwa kumwambia uso kwa uso. Asome hapa."

Unakumbukwa na mkeo, Shangazi, wanao wanne, wakwe zako, wajukuu na wenzako wa getini. Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa kuishi.