Kiazi Kilichobaki na Macho

Mama,

Kamwene. Najua ungeanza kwa kuniuliza nimekula nini, kwa hiyo nakujibu kabisa: nimekula wali. Viazi vyako vimeisha.

Tulipomaliza matanga yako, kaka Festo alipanda mbegu yako nyekundu yote, ile uliyoachiwa na bibi, hakubakiza hata debe moja. Mnyauko ukaingia shamba zima la Mjimwema. Majani yalilala mchana kweupe na udongo una maji. Alipochimba, viazi vilikuwa vinatoa usaha. Festo alikaa kwenye tuta akalia. Mimi nililia nilipokumbuka kwamba hakuna jirani wa kumwomba mbegu, maana hukuwahi kumpa mtu.

Ulikuwa mchoyo, Mama, tusidanganyane. Mgeni akiaga ulimfungia viazi vyekundu, lakini kwanza ulivitoa macho kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja. Hata mchungaji hukumwonea haya. "Mgeni ale, asipande," ulisema.

Halafu mwanao nikaja kusomea bayoteknolojia hapa kituo cha utafiti cha chuo, Makambako. "Mnalima kwenye chupa? Udongo umewakosea nini?" uliniuliza. Siku nilipokueleza kwamba chipukizi moja, ukiikata vizuri na kuilisha chupani, inaweza kuzaa miche ya kujaza shamba, hukufurahi. Kiroba ulichompa konda baada ya hapo kilifika na viazi visivyo na jicho hata moja. Mimi, Mama! Mimi niliyenyonya kwako! Nilivimenya kwa hasira, nikavila vyote.

Kiroba cha mwisho ulikifunga kabla hujalazwa. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kitenge chako cha kijani, kulikuwa na kiazi kimoja kizima. Macho yote yapo. Nikasema ni ugonjwa, umesahau. Nikakipeleka maabara bila kumwambia mtu, nikasubiri kichipue, nikaosha chipukizi kwa dawa, nikaipanda chupani.

Imeshika, Mama. Sasa chupa zimejaa rafu, na hakuna mbegu yako mahali pengine popote.

Ila kuna Dokta, mwalimu wetu. Ameshaniuliza mara mbili, "Hii umeitoa wapi?" na lile tabasamu silipendi. Juzi alileta wageni, mmoja akapiga picha chupa zangu. Nilisimama mbele ya rafu nikijifanya nafuta vumbi. Labda Dokta anajivunia mwanafunzi wake tu. Labda. Lakini anayeuliza mara mbili kitu kidogo ana lake jambo, na mimi nimelelewa na wewe.

Kwa hiyo nakuahidi: miche ya kwanza haiendi kwa mgeni yeyote. Naileta nyumbani, shamba la juu kwenye miparachichi, ambako mnyauko haujafika. Ikizaa, nitampa mbegu mama Tulia, jirani yako. Kasirika ukitaka. Uchoyo wako ulikaribia kutumaliza.

Mwanzoni nilikushuku hata kwa kile kiazi, kwamba umesahau tu kukitoa macho. Lakini kitu kilichosahaulika hakifungwi kwenye kitenge, na wewe ulikuwa na vitenge viwili tu. Uliniamini, Mama, ukaona haya kusema. Nimekuelewa umeshaondoka, na inaniuma.

Pumzika. Dokta akija na wageni wake nitawachemshia sufuria nzima ya viazi, wale washibe. Kisu chako ninacho mimi.

Mwanao,
Neema