Siku Niliyogeuza Neno "Sad"

Mjukuu wangu Ndeshi,

Marahaba. Huku Machame hatujambo, na babu yako kikohozi kimemwacha.

Umeuliza kivumishi cha Kiingereza kinageukaje kuwa nomino. Mara nyingi huongezwa "ness" mwishoni. Nilijifunza hilo shuleni, miaka mitumba ilipoanza kujaa soko la Kwa Sadala. Tulikuwa tumetoka kumzika mama yangu. Shangazi alikuwa amenionya, "Usilie, wadogo zako wanakutazama wewe." Nikajikaza.

Siku niliyorudi darasani mwalimu aliniambia nigeuze "sad". Nikasimama, nikasema "sadness", yaani huzuni, na machozi yakanitoka mbele ya darasa zima.

Mwalimu akasema taratibu, "Umepata, mwanangu. Sasa toka nje ukalie."

Nililia sana. Jioni niliwapikia wadogo zangu, kisha nikawaambia nao walie.

Bibi yako anayekukumbuka,
Anaeli