Mashine ya Mjomba Maxwell

Randu, Cynthia, mmekwisha kununiana, au nirudi niwakute vilevile?

Naenda mazishini Kikoneni, gari la kwaya linanipigia honi. Sima iko kwenye sufuria, mchicha nimeufunika paka asiufikie. Maji ya kunywa ni ya mtungini, si ya dumu la buluu.

Mjomba Maxwell alipopiga simu asubuhi kuuliza alete mashine gani ya michezo, nilisema mkubwa achague kwanza, kama tunavyofanya kwenye nyama. Wewe Randu ukataka PlayStation, kwa vile majirani wote wanayo, mtaazimana diski. Cynthia ukasema Xbox, nami nikakukatiza: "Nyamaza, mjukuu wangu, mashine ni mashine." Ukajifungia chumbani, nikasikia unapanga nguo za kwenda kwa mama yako Ukunda.

Sikujua. Randu amenieleza baadaye kwamba Xbox mpya inakubali diski za Xbox ya zamani, zile alizokuachia marehemu baba yako. Kwenye nyama hakuna jambo kama hilo.

~~Maxwell alete PlayStation.~~ Alete Xbox, nimeshampigia. Randu, nuna mpaka magharibi, kisha uache. Mbuzi wanywe saa nane.

Nimetoka mara mbili, nimerudi mara mbili. Cynthia, nilisimama nje ya mlango wako, mkono juu ya kitasa, kisha nikaja kukuandikia hapa. Usiende Ukunda. Nataka ukae hapa nami.

Bibi yenu