Joho la Aseniki

Jumatatu, 4 Machi
Makomredi wa ghala — naam, naanza hivi hata humu daftarini, ambamo msikilizaji ni mimi peke yangu. Leo Mkurugenzi wa makumbusho ameamuru mifuko yote ya nailoni ifunguliwe na lebo za hatari zibanduliwe. Eti wafadhili wanakuja Ijumaa, na ghala linafanana na wodi. Nikamkumbusha: majoho ya ngozi yalipakwa aseniki zamani ili wadudu wasiyale, na sumu ile haijaenda popote. Akanijibu kwamba nimekuja kujifunza kazi. Hapa si ukumbi wa migomo.

Jumatano, 6 Machi
Dada yangu, msafishaji wa ghala, ndiye aliyeifungua mifuko. Mikono mitupu, glavu "zitaletwa". Viganja vimevimba, vinachubuka. Hata kikombe hawezi kukishika. Mkurugenzi kasema labda ni sabuni ya nyumbani kwake.
Sabuni!
Atalipa. Na atalipa kwa ngozi yake.

Alhamisi, 7 Machi
Ngozi yake kaileta mwenyewe. Kesho atawapokea wageni kavaa joho la ngozi ya chui kutoka ghalani, kifua wazi, apigwe picha. Akaniuliza mbele ya ofisi nzima: lile joho halina neno? Nikajibu kwa adabu zote, "Mkuu, si wewe uliyesema ni salama?" Akacheka, akanigonga bega. "Sasa unaanza kukua."

Nikarudi nyumbani naelea. Nikamsimulia Dada, nikitazamia kicheko. Hakucheka.
"Unajua nani kaambiwa amvalishe?"
Akaninyooshea viganja vyake.
"Mimi, mdogo wangu. Eti nina mkono mwepesi."
Nikamsihi asiende. Akasema asipokwenda kibarua kitaota nyasi, na mwenye nyumba hapokei hotuba.

Kumbe kisasi changu kilikuwa kipite kwanza katika viganja vile vile. Nimeona aibu — lakini hasira haikupungua hata chembe. Bado nataka alivae. Naandika bila kupepesa: bado nataka.

Nimerudi ghalani na barakoa na glavu za maabara ya chuo. Joho nimelitia katika mifuko miwili, nikafunga mlango, ufunguo ninao. Dada hatagusa kitu. Mkurugenzi akilitaka, ufunguo nitampa mbele ya wafadhili: alitoe kwa mikono yake mitupu, au aniombe glavu kwa sauti ya kusikika. Wanafunzi wenzangu wamekwishapata habari.

Kikao: kesho, saa mbili asubuhi, mlangoni pa ghala.