Tangu Baba Aache Kuigusa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba yule mdogo aliyekuwa anaota meno sasa anawaacha mlale. Mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Sisi hapa hatujambo. Goti la Mama limetulia, anapanda ngazi bila kumlaumu aliyezijenga, na wewe unajua jambo hilo si dogo. Baba mzima wa mwili. Nimeandika “wa mwili” kwa makusudi, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa mkono na simu ipo. Simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Nikikupigia, Mama anainyakua kabla sijamaliza salamu, na Baba akikaa karibu nashindwa kusema. Tena nikiisikia sauti yako, najijua, nitageuza maneno nianze kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo barua hii nimempa jirani yetu muuguzi anayekuja huko kwenu, nikamsihi akukabidhi mwenyewe kabla hujaanza safari ya kuja kumchukua Baba.

Unaikumbuka ile kompyuta niliyomuundia Baba alipostaafu. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, hawezi tena kuchora ramani za nyumba kwa kalamu, nami nikasema nitampa mashine inayonyoosha mistari yenyewe. Nikaiunganisha juu ya meza ya kulia chakula, kitu kimoja kimoja, Mama akilalamika kuwa tunakula magotini kama wageni wa msibani. Kibao kimoja cha memori, pale kazi yote inapopitia kabla ya kuhifadhiwa, kilikuwa kipya, kingine ni kile ulichokitoa kwenye kompyuta yako ya zamani ukanitumia. Ilipowaka mara ya kwanza Baba alipiga makofi peke yake sebuleni. Akaanza kuniita Injinia, mtaa mzima ukadakia. Nikakivaa kile kilemba, Kaka, wala sikuuliza ni cha kitambaa au cha ukoka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baba akachora ukumbi wa kinyozi, akachora ghala la seremala, kisha akaianza nyumba ya yule mjane mshonaji, nyumba aliyosema itakuwa nzuri kuliko zote kwa sababu mwenyewe anataka dirisha kila anapokaa. Ndipo mashine ikaanza vituko. Inaganda katikati ya kazi, au skrini inageuka bluu na kuandika maneno ya kutisha, au inajizima na kujiwasha bila kuombwa. Baba aliniita, nikatazama, nikasema ni umeme wa mtaa. Nikabadilisha waya. Ikarudia. Nikasema ni vumbi, nikaifungua nikaipangusa. Ikarudia. Nikasema ni virusi kutoka kwenye flashi ya seremala, na maskini yule seremala akaja kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Nikafuta kila kitu nikaweka mfumo upya. Ikatulia kidogo, ikarudia.

Nilipoishiwa na sababu, nikambebesha Baba. Siku moja alifungua ramani ya mshonaji akakuta ngazi yote haipo. Alisema ana hakika aliihifadhi kabla ya kwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nachelewa kazini, nimeudhika, najiona nasumbuliwa, nikamwambia labda ulisahau, Baba. Alinitazama kidogo, akasema labda. Akaichora upya.

Baada ya hapo akawa anahifadhi kwa sauti. Ukipita nje ya chumba chake unamsikia anasema “nimehifadhi”, anakaa kidogo, anasema tena “nimehifadhi”, yuko peke yake. Na bado faili likagoma kufunguka. Nikamwambia utakuwa umebonyeza sivyo. Safari hii hata hakubisha. Aliniomba msamaha kwa kunichelewesha.

Nawe ulipopiga simu kuuliza hali, nikakwambia Mzee ameanza kusahau. Nilikwambia mimi, Kaka, kwa mdomo wangu. Ukaniuliza kama nina hakika, nikasema naishi naye, nitakosaje kujua. Ukalichukua neno langu kama ambavyo siku zote umelichukua, ukaanza kumtayarishia chumba.

Tangu hapo hujaona mambo ya hapa. Mama amemkataza kuwasha jiko. Akitoka kwenda dukani, Mama anasimama dirishani mpaka arudi. Kwenye drafti kwa kinyozi haendi tena. Kinyozi alinisimamisha njiani kuniuliza wamemkosea nini, kumbe Baba alimwambia kuwa akili yake imechoka na si haki kumpotezea mwenzake mchezo. Yule Baba aliyekuwa akiwala wote kete zao huku anapiga mluzi. Ramani ya mshonaji ameirudisha. Alikwenda mwenyewe, akamwambia amtafute mchoraji mwingine, kwamba yeye anaogopa kumpa nyumba yenye kosa asiloliona. Rula zake na zile pembetatu zake za mbao amempa seremala. Siku aliyozitoa alizifuta moja moja kwa kitambaa cha miwani.

Sasa sikiliza lililonikalisha kuandika. Siku Mama na Baba walipokwenda harusini kwa jirani, nilibaki nyumbani na ile mashine. Kulikuwa na kipimo kimoja ambacho sikuwa nimekifanya, kipimo cha memori, na fundi yeyote angekianza hicho. Mimi nilikizunguka, kwa sababu moyoni kuna kitu nilikijua na sikutaka kukiona. Nikakiwasha kipimo. Haikuchukua muda, skrini ikajaa mistari myekundu, makosa juu ya makosa. Nikachomoa kibao kimoja, nikapima kilichobaki: safi. Nikabadilisha, nikapima cha pili: safi. Nikakijaribu kila kimoja kwenye nafasi ya mwenzake, safi. Nikavirudisha vyote viwili, wekundu tena. Vibao ni vizima, kinachoviangusha ni mwendo vinapokimbizwa pamoja; hapo sikuwa na pa kujificha. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, nikarudisha mwendo wa memori kuwa wa kawaida, nikapima mchana wote. Hakuna kosa hata moja.

Na huo mwendo niliupandisha mimi. Kuna rafiki yangu wa chuoni alikuja kututembelea, akijigamba kuwa kompyuta yake inakimbia kuliko zote alizowahi kuona. Kabla hajafika nikaipandisha ya Baba, nikakilazimisha kile kibao chako kikuukuu kikimbie sawa na kile kipya, ili rafiki aone tarakimu kubwa kwenye skrini. Aliiona, akashangaa, akala, akaondoka. Mimi nikaiacha vile vile, naona raha. Vituko vyote vilianza baada ya hapo. Nyani haoni kundule, na nyani wa nyumba hii ndiye huyu anayekuandikia.

Ungedhani jioni ile nilikimbilia mlangoni kuwaeleza. Walirudi wamechangamka, Mama ananisimulia nguo za bibi harusi, Baba akapita nyuma yangu akaniuliza kama Injinia wake amekula. Nikasema nimekula. Nikaufunga mfuniko wa mashine. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikaja, nikajitia hamnazo.

Na kimya changu, Kaka, kikazaa jambo nisilolitarajia. Mashine ikatulia. Mama anaandikia humo hesabu za kikundi chake, mimi nafanyia kazi zangu, haigandi, haijizimi. Wiki iliyopita tukiwa mezani Mama akasema bila ubaya wowote, akimimina chai, kwamba tangu Baba yenu aache kuigusa, ile kompyuta haijasumbua hata siku moja. Baba akatikisa kichwa kukubali. Akasema hiyo ndiyo dawa. Akatabasamu, tena akanipongeza kwa kuwa niliijua sababu mapema, yeye alikuwa mbishi tu. Nilikuwa nimeitengeneza kwa siri, na matengenezo yangu yakawa ushahidi dhidi yake.

Jana asubuhi nikashindwa. Nilimfuata uani anakomwagilia maua, nikamwambia yote: kibao, mwendo, rafiki, mistari myekundu, harusi. Nilimwambia hukusahau, Baba, ulihifadhi kila mara, mashine ndiyo iliyokuwa ikila kazi yako, na mimi ndiye niliyeifanya hivyo. Nililia. Aliweka chini ndoo, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipangusa uso kwa mkono wenye maji. Akasema anajua ninamtetea. Akasema Mungu anibariki kwa kuwa na huruma, lakini mtoto asijivike kosa la mzazi ili mzazi apate usingizi. Akachukua ndoo yake akaendelea.

Haniamini, Kaka. Nilimdanganya nikaaminiwa, nimesema kweli nahesabiwa nina huruma. Sijui aibu nyingine inayoshinda hii, na kama ipo naomba nisiijue.

Ndiyo maana nakuomba usije kumchukua. Njoo, lakini njoo kwa jambo jingine. Wewe hujawahi kumpaka Baba mafuta kwa mgongo wa chupa, na hilo analijua. Nitaupandisha ule mwendo tena, mbele yake na Mama na kinyozi na seremala kama watakubali. Yeye atakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, haigusi mashine. Nitachora mimi, nitahifadhi mimi, kwa sauti kama alivyokuwa akifanya yeye, mpaka initie aibu mikononi mwangu mwenyewe. Nataka aione inavyoanguka bila yeye. Kisha wewe umwambie ulichokiona, kwa sababu neno langu kwake limekwisha.

Kwa mshonaji nilikwishapita. Hajatafuta mchoraji mwingine. Alisema anangoja tu, hana haraka ya kuhamia. Kwa seremala pia nimekwenda, nikamtaka radhi kwa maneno ya ile flashi. Alinicheka, akaniambia zile rula hajazitumia, amezitundika juu asije mtu akazikalia.

Wifi yangu msalimie sana, na watoto wote. Mama anakusalimu, hajui ninachokuandikia, nitamwambia utakapokuwa umeketi hapa. Baba naye anakusalimu. Amekwishafunga sanduku lake, liko nyuma ya mlango, na kila akipita ananiuliza, taratibu na kwa adabu kama mgeni, kama kuna kitu amesahau kukiweka.

Fika mapema, Kaka.

Mimi mdogo wako,
yule anayeitwa jina la kazi asilolistahili.